Makangaga ya Mtihani

Bwenini, Morogoro
22 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na goti je? Babu kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Naandika kwa sababu simu ya matroni husikilizwa na matroni, na haya sitaki ayasikie.

Likizo uliniuliza kwa nini masomo ya sayansi tunayafanyia mtihani mara mbili, nikakujibu juu juu. Ni hivi. Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja lina pepa mbili. Ya kwanza ni ya kuandika tu. Ya pili ni praktiko: unaingia maabara, unakuta vitu mezani, unaambiwa uvitaje, uvichore, uvipime. Ni vitu gani, mwanafunzi hajui mpaka siku yenyewe. Halafu zinaongezwa alama za nyuma, za kidato cha pili, cha tatu na mock, ule mtihani wa majaribio. Nikipata angalau C katika yote matatu, kidato cha tano naingia PCB, mchepuo wa masomo hayo hayo, na udaktari nitausogelea. Nikipata D hata moja, PCB basi tena.

Jana mkuu wa shule alitusimamisha mstarini. Alisema kuna shule mtihani ulivuja wakafutiwa matokeo wote, hata wasioona kitu. Tangu jana chakula hakishuki. Naota nimekutwa na karatasi mfukoni ambayo sikuiweka mimi.

Niombee, mama. Na yule dereva Maneno akishuka na lori, mpe peasi aniletee.

Mwanao,
Eufrazia


Mgeta
5 Novemba 2023

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba. Goti linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo siku hizi linauma kila siku. Babu anakohoa na bado anagomba, ndiyo afya yake. Peasi hizo kwenye mfuko, usimpe matroni zote.

Sasa nikuchekeshe. Alhamisi alikuja kijana kutoka mjini, jina lake Hatibu, koti jeupe kalikunja kwapani. Akaniuliza kama nina makangaga. Nikamwambia, baba, mimi nauza kabichi, makangaga tunafunikia matenga jua lisiunguze mboga. Akasema hayo hayo, yenye vidoadoa vya kahawia chini ya jani, na yasinyauke. Akataka na uyoga, na yale majani mafupi yanayotandaa kwenye mawe ya mtoni. Nikamuuliza, unatengeneza dawa? Akacheka, akasema ni ya maabara, wasichana wana mtihani. Akataja shule yenu!

Nikamchagulia mazuri kabisa, maana nilijua mwanangu atayashika. Sikumwambia kwamba wewe ni wangu, asije kudhani najipendekeza. Basi soma makangaga, mama, na ule ushibe. Hofu ya nini tena?

Mama yako


Bwenini, Morogoro
8 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Leo siulizi goti, nisamehe. Mama, umefanya nini?

Barua ya nyumbani huwa tunaisoma kwa sauti mimi na Jesca wa mzee Kasiani, kwa kuwa salamu za Mgeta ni zake pia. Nikapanda kitandani nikaanza kusoma huku tunatafuna peasi. Nilipofika kwenye koti jeupe nikaelewa, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kusoma, ukaendelea mpaka kwenye mawe ya mtoni. Jesca akaacha kutafuna. Kisha akavuta daftari la Baiolojia, akafungua ukurasa wa makangaga.

Hatibu ni fundi wa maabara wetu. Yeye huambiwa mapema ili atafute vitu, na amekatazwa kumwambia mtu. Nikienda kwa mkuu, Hatibu anafukuzwa na wewe unafuatwa na polisi mpaka shambani. Nikinyamaza, na Jesca akamwambia mwingine, tunafutiwa wote. Barua nimeichana nikaitupa chooni, kisha nikarudi kuangalia kama imezama. Matroni akipita najifanya nimelala. Nimemwapisha Jesca, ameapa, lakini alikuwa anatabasamu.

Nifanye nini? Nijibu, ila hilo neno usiliandike.

Mwanao,
Eufrazia


Mgeta
11 Novemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, na tangu hapo sijamenya hata kiazi kimoja. Nilitaka nikamwambie padri, nikafika mlangoni kwake nikaogopa hata yeye. Mimi niliuza majani. Nilidhani nakutuliza, kumbe nakuchoma. Mungu anisamehe na wewe unisamehe.

Lakini sikiliza. Lile jambo hukufundishwa na barua. Ulilijua kabla hujajua kusoma, ulikuwa unalalia juu yake pembeni ya tuta mimi nikivuna. Mtoto gani wa Mgeta asiyelijua? Ukiulizwa, jibu. Na akitokea mtu wa kukuhoji, mwambie kosa ni la mama yako, apande huku. Nitamtolea kiti aniulize mwenyewe.

Naogopa, mwanangu. Lakini wewe jibu.

Mama yako


Kihonda, kwa shangazi Upendo
28 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kwenye simu nitalia. Krismasi nilimtuma shangazi akudanganye kwamba nimepata kibarua cha kufundisha watoto. Sikuwa na kibarua chochote. Nilikuwa naogopa kukutazama usoni.

Matokeo yametoka. Kemia B. Fizikia C. Baiolojia D.

Siku ya praktiko, swali la kwanza lilikuwa la kupima vyakula, nikalimaliza vizuri. Nikageukia la pili. Yalikuwepo mezani, mama, mabichi kabisa, yananukia kwetu. Nilikukumbuka. Nikashika kalamu, nikamwona msimamizi anatembea kuja upande wangu, mkono ukakataa. Nilijiambia nikiandika hata jina tu, atajua nimeambiwa, na wasichana wote waliomo humu watafutiwa kwa ajili yangu. Jibu nilikuwa nalo. Nikaliacha swali zima tupu.

Jesca alikuwa meza ya mbele yangu, anachora bila wasiwasi. Amepata B, anakwenda kidato cha tano. Hakuna aliyefutiwa, hakuna aliyehojiwa. Hatibu yupo, juzi kanisalimia sokoni.

Mama, usijilaumu, ingawa najua utajilaumu. Nimeamua kurudia Baiolojia Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea, maabara ile ile. Safari hii hakuna alama za nyuma za kunibeba, ni zile pepa mbili tu. Nimeshaanza kuogopa.

Mwanao,
Eufrazia


Mgeta
9 Novemba 2024

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba. Goti liko palepale, babu anakusalimu. Barua hii atakuletea Maneno.

Lile jambo hatujalitaja tena, si wewe wala mimi. Hata ulipokuja Pasaka tulimenya viazi siku nzima tukizungumzia mvua. Leo nalitaja, maana Hatibu amekuja.

Nilimwona kwenye kona ya chini, koti lile lile. Mwanangu, nilikimbia, na goti hili! Akanikuta nimekwama kwenye tuta la karoti. Akasema shikamoo mama, nikaitikia, si vizuri kukosa adabu. Alipofungua mdomo mara ya pili nikaziba masikio nikaanza kuimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti yangu yote. Akaongea, nikazidisha. Akanyoosha mkono kunionyesha kitu, nikafumba na macho. Majirani wakatoka kutazama. Mke wa Kasiani akamwambia, mwache, huyu ana mambo yake, twende kwangu.

Wakaenda kwa mke wa Kasiani. Huko walikata nini, sijui. Tenga lilipopitishwa hapa nje nilikuwa nimegeukia ukuta wa jikoni, na bado naimba. Babu alitaka kuniambia, nikamtishia mwiko.

Sasa kijiji kizima kinasema mimi Scholastika nimechanganyikiwa, na padri ameahidi kuja kunitembelea. Waseme. Chochote utakachokikuta mezani siku hiyo, hata kama ni jani la mlangoni petu, andika unachokijua, usiache hata mstari mmoja. Msimamizi akikusogelea, mwache asogee. Mwaka huu mama yako hajui kitu.

Mama yako