Gurudumu Lenye Gia Tatu

Jumamosi, 3 Mei 1952. Makambako.
Nimefika alasiri. Ukungu tangu Njombe hadi katikati ya njia. Nimeshuka na kusukuma baiskeli kwenye vilima vitatu. Mwezi uliopita nilisukuma kwenye kimoja tu. Mnyororo unaruka. Meno ya gurudumu la nyuma yamelika, yamechongoka kama misumari.

Roida amekonda. Kifua kinakoroma. Daktari wa misheni alisema kwamba baridi ya Njombe itamwua, na ndiyo sababu mke wangu anakaa hapa tangu mwaka jana, kwa mwanetu Yeremia anayefanya kazi katika kambi ya barabara. Mimi nimebaki Njombe na shamba. Kila Jumamosi naja. Nakaa naye hadi jua litue, kisha naenda kulala katika ghala la kanisa, juu ya magunia ya mbegu. Baba mkwe halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Mke wa Yeremia huweka chakula changu kizingitini na kugeuza uso. Anafanya vyema. Nimewafundisha watu jambo hilo maisha yangu yote. Siwezi kuwa wa kwanza kulivunja.

Jumapili, 4 Mei.
Nimerudi Njombe gizani. Magoti. Nimekosa ibada ya jioni. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 7 Mei.
Nimepeleka baiskeli kwa Mligo, fundi wa sokoni. Aliigeuza juu chini, akazungusha pedali, akasikiliza.

"Mwalimu, baiskeli haina kosa kubwa. Kosa kubwa lina miaka sitini na moja."

Waliokuwa wakingoja zamu walicheka. Mimi sikucheka.

Baadaye alisema kwa adabu. Naweza kubadili mnyororo na meno tu. Hapo nitapanda vilima kama nilivyopanda mwaka jana, yaani vibaya. Au ninunue gurudumu zima la nyuma lenye gia tatu ndani ya kitovu chake, pale katikati, kama lile linaloning'inia katika duka moja kule Makambako. Unasukuma kijiti kwenye usukani, na mguu unakuwa mwepesi. Bei yake ni bei ya ng'ombe.

Ng'ombe mzima kwa gurudumu moja. Huo ni ujinga.

Alhamisi, 8 Mei.
Nimechimba viazi kutwa nikilifikiria gurudumu. Nimekasirika nafsini.

Nikibadili mnyororo tu, nitafika Makambako hadi Agosti, labda Septemba. Baada ya hapo miguu itakataa, na Roida atakuwa peke yake na ukuta. Malori hayana siku maalumu. Kujenga kibanda changu karibu naye hakuwezekani. Ardhi ile ni ya kambi. Nyumba ya Yeremia ina vyumba viwili. Hilo halisemwi hata.

Jumamosi, 10 Mei. Makambako.
Mwenye duka anayo baiskeli yake yenye gia hizo. Aliniruhusu kuijaribu. Nilipanda mteremko wa nyuma ya duka nikiwa nimeketi, mgongo wima, pumzi haikukatika. Nilifurahi kama mtoto. Naona aibu kuandika hivyo.

Nilimweleza Roida kila kitu: kitovu, kijiti, meno. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. "Baba Yeremia, umekuja kunitazama mimi au kunihubiria mnyororo?"

Ilinibidi kumwuliza. Ng'ombe mmoja tuliye naye ni wake: alipewa yeye kama mama siku binti yetu alipoolewa. Sina haki ya kumwuza bila neno lake.

Alivuta blanketi hadi kidevuni. Nilidhani amelala.

"Muuze. Ng'ombe haji kunitazama. Wewe huja."

Jumatatu, 19 Mei.
Ng'ombe amekwenda. Mnunuzi alimswaga kwa kijiti cha mianzi. Hakugeuka nyuma. Wanyama hawageuki.

Zizi limenyamaza. Sina hakika hata kidogo kama nimefanya vyema.

Jumapili, 25 Mei.
Gurudumu lilifungwa jana dukani. Leo nimerudi Njombe bila kushuka kwenye kilima hata kimoja. Kilima cha mwisho nilikipanda polepole sana, mwanamke mwenye mzigo wa kuni akanipita, lakini sikushuka. Nimewahi ibada ya jioni.

Magoti yanauma vilevile.

Jumamosi, 31 Mei. Makambako.
Nimefika mapema. Roida amekula viazi viwili, kisha amevitapika. Alitaka kuiona gia. Niliingiza baiskeli hadi kitandani, akasukuma kijiti kwa kidole, akasikia kikigonga. "Hapo ndipo ng'ombe wangu alipo?" Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa damu.

Daktari hana jipya la kusema.

Jumatatu, 9 Juni.
Gia imeanza kulia kama panya. Ni vumbi. Mligo aliyeyusha mafuta ya ng'ombe juu ya makaa na kuyamimina katika kitundu cha kitovu hadi yakafurika. Hapa kwetu kila mnyororo hupakwa mafuta ya ng'ombe, tangu baiskeli ya kwanza ilipofika, mvua haiyaoshi. Kelele zimekoma. Nilimshukuru.

Ijumaa, 13 Juni.
Dereva wa lori ameleta neno kutoka kwa Yeremia: Mama hali chakula, Baba aje.

Dereva alinipa nafasi mbele, karibu naye. Ataondoka kesho jua likishapanda, magunia ya ngano yakishapakiwa. Nilikataa. Nitaondoka alfajiri. Wakati wao wakipakia ngano mimi nitakuwa nusu ya njia. Ninayo gia.

Jumatatu, 16 Juni. Makambako.
Juzi na jana sikuandika. Naandika leo kwa mpangilio.

Jumamosi alfajiri sakitu, umande ulioganda, ilikuwa nyeupe juu ya nyasi, nzito kuliko ya mwaka wowote ninaoukumbuka karibuni. Hadi daraja la kwanza niliteremka. Kwenye kilima nilisukuma kijiti, nikakanyaga, na miguu ikazunguka bure. Gia zote tatu bure. Gurudumu halikushika kitu.

Niliigeuza baiskeli kando ya barabara. Nilichokonoa kitundu kwa ncha ya kisu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama mshumaa. Yalikuwa yamekibana kila kitu kilichomo ndani. Sikuwa na kibiriti. Nilikikumbatia kitovu ndani ya koti. Mzee wa kanisa, kakumbatia gurudumu majanini.

Lori lilikuja. Nilisimama na kupunga mkono. Dereva alidhani ninamsalimu. Alipiga honi, akanipungia, akapita. Vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu.

Nilisukuma. Mteremkoni nilipanda baiskeli, mlimani nilishuka, penye tambarare nilitembea. Jua lilipokuwa juu kabisa gia ilishika ghafla, kana kwamba haikuwa na kosa lolote, ikafanya kazi vizuri hadi mlangoni kwa Yeremia. Jua lilikuwa linatua.

Roida hasemi tena. Yeremia aliniambia kwamba hadi adhuhuri alikuwa akisema vizuri. Lori lilipofika bila mimi alianza kuuliza, tena na tena: "Baba Yeremia yuko kilima gani?" Walimtajia vilima, kimoja baada ya kingine, ili atulie. Kisha mdomo ukaenda upande, na sauti ikakatika.

Ananitazama. Sijui kama ananijua.

Usiku ule sikwenda ghalani. Niliketi sakafuni karibu na kitanda. Mke wa Yeremia alisimama nje ya mlango na bakuli la uji, uso ameugeuza, hawezi kuingia kwa kuwa mimi nipo. Uji ulikuwa unapoa. Sikuwa nimewahi kumsemesha tangu alipoolewa.

Nilisema, "Ingia, mwanangu. Ni nyumba yako."

Aliingia. Alimlisha mama mkwe wake kwa kijiko, mgongo wake kwangu.

Alhamisi, 19 Juni. Makambako.
Bado nipo. Nalala kwenye mkeka kando ya kitanda cha Roida. Mke wa Yeremia huingia na kutoka, hutazama ukuta. Asubuhi hii alisema "Shikamoo, Baba" akiutazama ukuta huohuo. Nikaitikia.

Mzee mwenzangu wa kanisa la hapa alikuja. Aliuona mkeka, akauona na mto wangu. Nilingojea karipio. Alinisalimu, "Kamwene, Mwalimu," akaomba sala fupi, akaondoka. Hakuna aliyesema neno. Hakuna atakayesema.

Mwaka mzima ningeweza kulala hapa. Ng'ombe angekuwa zizini.

Jumapili, 22 Juni. Makambako.
Roida amefariki alfajiri. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Nje kulikuwa na baridi, ndani hapakuwa na baridi.

Jumanne, 24 Juni. Makambako.
Tumemzika jana, hapahapa. Wimbo ulikuwa mrefu mno. Binti yetu alilia kwa sauti na sikumkataza. Yeremia anasema nibaki. Nimemwambia kwamba kuna viazi vya kuchimba.

Jumamosi, 5 Julai. Njombe.
Mligo amekiosha kitovu kwa mafuta ya taa na kukitia mafuta mepesi ya cherehani, aliyoomba kwa fundi nguo. Hakudai kitu. Hakunitania. Alisema, akifuta mikono, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemimina." Nilimwambia kwamba mtu yeyote wa hapa angemimina yaleyale. Ni kweli. Hakuinua uso.

Aliniuliza kama nataka amtafute mnunuzi wa gurudumu. Nilisema bado.

Nilipanda kilima cha kanisa nikiwa nimeketi. Gia ya kwanza, ya pili, kisha ya kwanza tena. Inafanya kazi yake bila kosa. Juu niligeuza baiskeli nikarudi nyumbani. Sikuwa na pa kwenda.

Jioni anga ni safi, hakuna wingu. Kesho sakitu itakuwa nyeupe. Baiskeli nimeiingiza ndani.