Mume Wangu Anataka Kunifundisha Kupiga Mbizi, Nami Nimeshajua

Mpendwa Bi Tekla, mshauri wetu wa kila Jumapili, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usicheke, maana dada yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, na mimi sina la kucheka, zimebaki siku kumi na nne tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, nina kibanda cha chai na mikate pale ufukweni chini ya majabali, pale wageni wanapojifunzia kupiga mbizi kwa sababu maji hayana mkondo, ngazi ya chuma inakushusha taratibu na mwamba wenyewe unaanzia kina cha mita mbili tu. Mume wangu Wistin ndiye mwalimu wao, miaka thelathini na mbili sasa anawashusha Wajerumani na Waingereza na Wapolandi, mimi nawapokea wakitoka wanatetemeka, nawapa chai ya maziwa kwenye glasi na mkate wa nyanya na mafuta, na kila mmoja akishika glasi ananiambia "Mama, huko chini!" halafu anashindwa kumalizia, na miaka yote hiyo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi hata kuingiza uso majini.

Si kwamba sikutaka. Tulipokuwa wachumba Wistin alijaribu kunifundisha kuogelea, akanipigia kelele, nikanywa maji, nikamrushia kiatu, akasema, "Wewe sikufundishi tena, tutaachana kabla ya harusi," tukakubaliana hivyo. Miaka kumi iliyopita nilimwomba tena, alikuwa anafunga mitungi ya hewa, hata hakugeuka, akasema, "Utaweza wapi wewe? Na chai atauza nani?" Bi Tekla, niliumia, nasema kweli.

Sasa pale ufukweni yupo mwalimu mwingine, Żaren, mzee wa miaka sitini na sita, na ubaya wa Żaren si tabia, ni bendi. Kijiji chetu kina bendi mbili za muziki zisizopatana tangu enzi za babu zetu: sisi ni watu wa bendi ya buluu, Wistin anapuliza trombone tangu utoto, na Żaren ni wa bendi nyekundu, baba yake ndiye aliyetuzimia taa usiku wa sikukuu ya mtakatifu wetu, au ndivyo tunavyosema upande wetu. Wistin mkate wa mwokaji mwekundu hauli, anaendesha gari mpaka kijiji cha pili. Kwa hiyo Żaren hunywa chai kwangu Wistin akiwa chini ya maji tu, akiona mapovu yanarudi kwenye ngazi anameza haraka anaondoka. Basi siku moja, miaka miwili iliyopita, akaniambia:

"Bibi, miaka thelathini unawauzia mkate watu wanaotoka peponi, na wewe hujachungulia hata mlangoni?"

"Mume wangu hataki."

"Nimekuuliza wewe, sijamuuliza yeye. Tena yeye buluu, atajua nini!"

Nikaanza. Kila Alhamisi Wistin anapokwenda bandarini kupeleka mitungi ikapimwe, mimi nafunga kibanda nasema nakwenda kwa dada. Miezi mitatu ya kuogelea tu, kwenye kile kidimbwi kilichozungukwa na mawe, kisha mtungi, na siku nilipovuta pumzi ya kwanza chini ya maji nililia ndani ya miwani, Żaren akadhani naumwa. Nimemwona pweza akijifanya jiwe, nimewaona pono wanatafuna mwamba mpaka sauti unaisikia, nimelala juu ya nyasi za baharini zinazoyumba nikawaza hakuna mtu anayeniita sasa hivi akitaka sukari. Nimeshapiga mbizi arobaini na tatu, zote ziko kwenye kitabu changu na sahihi ya Żaren, kitabu nakificha kwenye kopo la unga wa ngano kwa sababu Wistin jikoni hafungui kopo.

Na sikiliza hili. Alhamisi moja Wistin aliwahi kurudi, akateremka na wanafunzi wake wanne, na mimi nilikuwa tayari chini na Żaren. Ukishavaa kofia ya mpira na miwani watu wote ni sawa, tukapishana kwenye pango fupi la mwambani, urefu wa mita tatu hivi, mume wangu akanitazama usoni, akaunganisha kidole na dole gumba kuniuliza kama niko salama, kama anavyomuuliza mgeni yeyote, nami nikamjibu vivyo hivyo, akapita. Alikuwa amemshika mkono Mjerumani mmoja jitu la mtu, linatetemeka, na alimngoja, Bi Tekla, alimngoja mpaka pumzi zikatulia, hana haraka, hana kelele, macho yake yamejaa upole. Huyo mwanamume mimi sijawahi kuishi naye. Nilipanda juu nikakaa kwenye gari la Żaren nikiwa na furaha na wivu kwa pamoja.

Sasa msiba wangu. Daktari wa masikio amemwambia Wistin msimu huu ukiisha asizame tena, Wistin mwenyewe anasema ni tahadhari tu. Siku ya nne akaja nyumbani na mfuko, ndani yake suti ya mpira, saizi yangu, mpya. Akasema mbele ya dada yangu na shemeji, "Tarehe kumi na tisa Oktoba, siku ya ndoa yetu, namshusha mke wangu. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimkosea, basi awe wa mwisho." Wote wakapiga makofi, mimi nikamwaga mchuzi. Tangu siku hiyo kila jioni ananifundisha jikoni, ananionyesha kutema mate kwenye miwani isishike ukungu, kubana pua na kupuliza masikio yafunguke, ananiambia, "Usiogope mama, mimi nipo," na mimi navaa mapezi kinyumenyume makusudi, tunacheka mpaka tunafuta machozi. Sijamwona na furaha hivi tangu mtoto wetu azaliwe, na mimi pia nina furaha, ndilo linaloniua.

Żaren anasema, "Jifanye mjinga dakika arobaini tu, nani kafa?" Dada yangu anasema mwambie. Nikimwambia namnyang'anya zawadi yake ya mwisho, tena kwa mkono wa mtu mwekundu. Nisipomwambia nampa, lakini ni ya uongo. Nifanye nini?

Mimi, Mwenye Kibanda.

*

Mwenye Kibanda, dada yangu,

Nimecheka. Nisamehe. Nilipofika kwenye kila Alhamisi na mwanamume mwenye gari nilishaanza kunoa kalamu, nikakuta mmekwenda kutazama pweza.

Majina nimeyabadilisha yote, na haitasaidia kitu. Kisiwa chetu ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakujibu "afya!" Hii unaisoma asubuhi ya Jumapili. Misa ya saa nne ikitoka, kuna mtu atamwekea mumeo gazeti mkononi pale kwenye klabu ya bendi na kumpigapiga begani. Kwa hiyo siku zako kumi na nne zimekwisha, una saa chache. Usinikasirikie, ungetaka nikufichie usingeandika gazetini.

Kwanza nikuseme, kisha nikuonee huruma. Kujifunza hukukosea. Uliomba, ukaambiwa uza chai, ukaenda ulikopokelewa. Mumeo alikosa adabu siku ile, na nadhani suti ile mpya ndiyo namna yake ya kukubali, kwa sababu wanaume wengine msamaha hawawezi kuutamka, huununua dukani. Ulipokosea ni jikoni. Kuficha ni jambo moja, lakini kuvaa mapezi kinyumenyume ili mtu mzima acheke na kufuta machozi, hapo umeanza kumchezea. Kila jioni unaongeza tofali kwenye ukuta utakaoubomoa mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wewe nguo ulishavua miaka miwili iliyopita.

Na huyo Żaren wako, mwambie nimemsikia. "Nani kafa" ni neno la kwenye meza ya karata. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na mbili ataujua uongo wako kabla hujafika mita tatu. Anayeanza hukata maji kwa mikono kama anafukuza nzi, pumzi zake ni za mbio. Wewe una mbizi arobaini na tatu, mwili wako hauwezi kusahau hata ukiuamuru. Atakuona umetulia, ataelewa, na atakuwa chini ya maji, hawezi kuuliza neno, hawezi kupiga kelele, hawezi hata kukurushia kiatu. Unataka ajue akiwa mahali hapo?

Halafu kuna hili la bendi. Umeandika mistari mingi kuhusu zawadi na mitatu kuhusu wekundu, lakini mimi nimeolewa kwenye nyumba ya bendi nyingine, mama mkwe wangu alikataa keki ya harusi kwa sababu ya rangi ya utepe. Unachokiogopa si kusema "najua kupiga mbizi." Unaogopa kusema "Żaren." Basi ndilo jina la kuanza nalo. Ukilibakisha mwisho litaonekana ni siri kubwa kuliko lilivyo, na mwenye gazeti mkononi atalisema kwa sauti ambayo hutaipenda.

Sasa zawadi yake. Unadhani utamnyang'anya mwanafunzi wa mwisho. Dada yangu, mumeo wanafunzi anao mpaka wa kumwaga, wamejaa Ujerumani nzima. Kila mmoja ameshuka naye, ameshangaa, amekunywa chai yako, amepanda ndege. Mtu ambaye hajawahi kumpata ni wa kukaa naye mezani na kumwambia, "Yule samaki mkunga wa kwenye ufa amehama," akajibiwa, "Hapana, nilimwona Alhamisi." Amezunguka kwenye mwamba ule zaidi ya miaka thelathini bila mtu wa nyumbani mwake wa kuuzungumzia naye. Wewe mwamba huo unaujua, umeuficha kwenye unga pamoja na kitabu.

Fanya hivi. Asiende klabu leo. Mkitoka misa mshike mkono, mpeleke nyumbani, sema kuna kitu kinaungua, sema lolote, uongo huu mmoja nakuruhusu. Chakula kikiwa jikoni, toa kitabu, kipanguse, kiweke mbele yake kikiwa wazi, na useme jina la Żaren kabla hajalisoma. Atapiga kelele. Usimjibu, usilie, usimtaje baba yake Żaren wala taa za mwaka ule. Akinyamaza, msimulie ile Alhamisi ya pangoni, jinsi ulivyomwona akimngoja Mjerumani, na umwambie neno kwa neno ulivyoniandikia: kwamba huyo mwanamume hujawahi kuishi naye na unamtaka. Hilo hakuna Mpolandi aliyewahi kumwambia.

Kisha tarehe kumi na tisa mshuke, suti mpya na yote. Lakini nakuomba uelewe kwa nini ukweli lazima utangulie. Mumeo ana sikio bovu na kiburi kizima. Akishuka na mkewe asiyejua kitu, sikio likimchoma atauma meno na kuendelea ili asikuharibie siku. Mwanafunzi akionyesha ishara ya kurudi, anarudishwa kwa ajili yake mwenyewe. Mwenzi wa mbizi anaweza kumtazama mwenzake usoni na kusema turudi kwa ajili yako wewe, na sheria ya wapiga mbizi ni moja, hakuna kubishana, mnarudi. Haki hiyo huipati kwa kujifanya mjinga. Nenda kaidai leo, kabla chakula hakijapoa.

Bi Tekla