Gari Lililokaa Juu ya Mawe

Februari 4

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kelele. Mimi nipo, nafundisha chuoni kwetu cha ustawi wa jamii, nakula.

Nilikuwa nakusanya mafaili. Chama chetu cha maofisa ustawi wa jamii kinakwenda mbele ya kamati ya bunge kuiomba serikali itenge fungu la utafiti wa kazi zetu. Wenzetu wa kilimo wanajua ni mbegu ngapi ziliota kwenye shamba la majaribio. Sisi hatujui hata kama mgonjwa tuliyeandika kuwa ametembelewa alitembelewa kweli.

Faili la kumi na saba lilikuwa la mama.

Lina ziara tatu, zote zimeandikwa na mkuu wa kituo cha ustawi ulikokuwa dereva. Kila moja, mahali pa hali ya mgonjwa, ina neno moja: "Njema." Ziara ya tatu ni siku tisa baada ya sisi kumzika.

Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Niambie unachojua.

Mpwa wako

Februari 11

Mpwa wangu,

Marahaba. Kuhusu afya yangu, sitaandika neno lile. Tangu nipate barua yako nimeligomea.

Sisi madereva tulimwita Hali-Njema. Ripoti za wiki nzima alikuwa anaziandika Jumatatu asubuhi, chai haijapoa. Tulicheka sana. Sikujua nacheka msiba wangu mwenyewe.

Unaukumbuka mwaka ule waliponiazima kwa idara ya maji, kule mbali, miezi kumi na moja? Kabla ya kuondoka nilimwendea, kofia mkononi. "Mzee, dada yangu anaumwa, yuko peke yake, bintiye yuko masomoni. Mtupieni jicho." Akasema, "Nenda bila wasiwasi, dereva. Huyo ni wetu." Nami nikaenda bila wasiwasi, hadi nilipoitwa mazishini. Hapo ndipo panaponichoma.

Sasa sikia. Waliniazima kwa sababu gari letu lilikufa injini, na kituo kizima kilikuwa na gari hilo moja. Niliporudi nililikuta uani juu ya mawe, halina tairi hata moja, kuku anatagia kwenye kiti cha mkuu. Kitabu cha safari kilikuwa bado ndani ya kisanduku cha mbele. Mstari wa mwisho ni mwandiko wangu, na kilomita ni zilezile za kwenye dashibodi. Watu wote wa ripoti zake aliwatembelea na nini?

Nakwenda magazetini. Nataka watoto wake waisome habari yake.

Mjomba wako

Februari 19

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa moto niliouwasha nyumbani kwako. Nimehesabu: katika miezi hiyo kumi na moja kituo kiliripoti ziara mia tatu na kumi na mbili.

Usiende magazetini. Watamfukuza, watamweka mwingine mwenye kalamu ileile, na gazeti litaishia kufungia nyama buchani. Mimi nataka zaidi ya kichwa chake. Nataka kuwe na watu wanaolipwa na serikali kwenda kubisha mlango baada ya mtu kama yeye kudai amebisha, na kuuliza: alikuja? Kila kituo, kila mwaka, mpaka kudanganya kuwe kazi ngumu kuliko kutembea.

Na nikufiche nini? Nataka pia kumwona akitoka jasho.

Nitafutie kitabu kile. Naogopa atasema alikwenda kwa miguu.

Mpwa wako

Machi 23

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Mwezi mzima sina hata mstari wako.

Kikao ni Aprili 8. Wizara inamleta Hali-Njema mwenyewe, mkuu wa kituo bora cha mwaka, aje awaambie wabunge kwamba utafiti ni anasa.

Jirani yako amenipigia simu. Anasema umeonekana nje ya ofisi ya yule bwana siku tatu mfululizo, umekaa kwenye benchi, spana mkononi.

Spana ya nini, mjomba?

Mpwa wako

Machi 29

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Spana ilikuwa ya kufungulia kisanduku cha gari, kimeshika kutu. Hiyo ni siku ya tatu. Siku ya kwanza, sitakudanganya, haikuwa ya kisanduku.

Nilikaa kwenye benchi la wageni. Akatoka, akanitazama usoni. "Una shida gani, mzee?"

"Nimekuja kwa mtu mmoja. Nasikia hayupo."

"Basi njoo kesho."

Miaka kumi na tisa nimemwendesha, hanijui! Yeye anajua kisogo changu tu. Nusura nigeuke nimwonyeshe, labda angekumbuka. Nilicheka peke yangu, na ile hamu ya spana ikanitoka kidogo.

Siku ya tatu nikapitia uani. Mlinzi, rafiki yangu wa zamani, akaanza kuchunguza mawingu. Kitabu ninacho. Na picha za dashibodi na kiti pia. Kuku wa sasa nadhani ni mjukuu wa yule, ukoo umekishikilia kiti.

Kuhusu miguu, usihofu. Huyo hata choo cha uani alikwenda akilalamikia umbali. Mguse tu sifa, gari atalitaja mwenyewe.

Mjomba wako

Mei 6

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, sikutaka kukuletea nusu ya habari.

Alisimama na suti mpya. "Waheshimiwa, utafiti wa nini? Sisi tunafika kila nyumba."

Mwenyekiti akaniruhusu swali moja. La mama lilikuwa limeshafika kooni. Nikalimeza. Nikasema, "Mheshimiwa mkuu, ziara mia tatu katika mwaka wa mafaili haya, na barabara zenyewe hizi! Mlikuwa mnatembea?"

Akacheka mpaka mabega yakacheza. "Tutembee? Binti yangu, serikali imetupa gari. Mwaka ule halikupumzika hata siku moja."

Nikaweka mezani kitabu na picha. Mwenyekiti akavaa miwani, akaangalia, akaangalia tena.

"Na huyu kuku," akauliza, "ndiye alikuwa anaendesha?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilitazama jasho lake likishuka mpaka kwenye kola, nikafurahi, mjomba. Furaha mbaya, na wala siijutii.

Jana wametangaza. Fungu la utafiti limepita, na tunaanza na kituo chake. Hawakumfukuza. Kamati imeagiza aliyeandika ziara awaongoze watafiti nyumba kwa nyumba, na abishe yeye mwenyewe.

Nyumba themanini zimechaguliwa kwa bahati nasibu. Ya mama haimo. Tafadhali usiniharibie kazi, kwa sababu gari jipya la utafiti linahitaji dereva anayezijua njia, na nimewapa jina lako.

Mpwa wako

Juni 3

Mpwa wangu,

Marahaba. Jana tulimaliza nyumba sita, zote za orodha yako. Vijana wako wanaandika kila kitu, hata mbwa aliyebweka. Kwenye nyumba tano hawajawahi kumwona Hali-Njema. Ya sita, bibi mmoja alidhani amekuja kukata umeme, akamfukuza na ufagio.

Orodha sijaigusa. Watafiti niliwashusha saa kumi, kazi yao ikaishia hapo, nikabaki naye. Ila njia ya kurudi inapita kwa dada. Nikasimamisha gari.

"Hapa ni wapi?"

"Ulishafika hapa, mzee. Mara tatu."

Akashuka. Akabisha. Unajua bati la mlango ule linavyolia.

"Hakuna mtu," akasema.

"Bisha tena."

Akabisha. Halafu akageuka kunitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona uso wangu. "Dereva... huyu alikuwa nani?"

"Ni wenu," nikamwambia. "Bado moja."

Akabisha ya tatu. Nikampa fomu na kalamu, nikamwonyesha pa kujaza hali. Spana ilikuwa chini ya kiti, sikuitafuta. Akakaa kizingitini mpaka kivuli kikahamia ukuta wa pili. Kwa mtu aliyezoea neno moja, alikawia. Mwisho aliandika mawili: "Sikuwahi kufika." Akatia sahihi.

Fomu iko humu ndani. Isiingie kwenye utafiti wako. Iweke kwenye faili la mama yako, juu ya zile tatu.

Goti linauma, lakini sijambo. Kesho namfuata saa mbili kamili. Zimebaki nyumba sabini na nne, na gari ni zima kabisa.

Mjomba wako