Mwano Uliopigwa kwa Ajili Yangu

Nje ya Bariadi, Jumapili

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Goti la Mama limepoa, au bado analiburuza na kukataa kwenda kupimwa? Na wewe presha yako imeshuka? Kama haijashuka, kunja barua hii uisome kesho, maana sina habari nyepesi.

Kwenye simu nilikuambia nimeanguka na bodaboda. Nilikudanganya. Mkono wa kulia umevunjwa na watu, ndiyo maana mwandiko huu umelala kama mlevi. Naandika kwa kushoto. Kwa mdomo nisingeweza. Ungenikatiza kwa kilio, nami ningeishia njiani kabla ya kufika kwenye aibu yangu.

Unajua nafundisha Kiingereza Darasa la Tatu. Jumatatu, wiki tatu zilizopita, nilifika kwenye 'he' na 'she'. Sisi tuna 'yeye' tu, wa kiume yeye, wa kike yeye, na maisha yanaendelea. Wenzangu huwakaririsha watoto, basi. Mimi, kiherehere changu unakijua, nikasema tucheze. Kuna mapacha darasani, Kulwa wa kiume na Doto wa kike. Doto nikampa fimbo awachunge wenzake wanne waliotambaa kama ng'ombe. Kulwa nikamtwika ndoo na kumfunga khanga ya mwalimu mwenzangu. Darasa likauliza na kujibu kwa Kiingereza mpaka kengele ikalia. Walicheka kweli, nami nikatoka najiona bingwa.

Kumbe! Huku kwa Wasukuma mvulana ni wa ng'ombe. Ukimtwika ndoo hadharani, mchezo unamfuata mpaka nyumbani. Jumatano wenzake walimvizia kwenye lambo la kunyweshea mifugo, wakamwita mke wao, wakampasua kichwa kwa jiwe. Alhamisi akaja shule na kitambaa kichwani. Nikamuuliza, akasema ameanguka. Ijumaa, mnadani, wanaume wakamuuliza baba yake, Masunga, atapokea ng'ombe wangapi Kulwa akiolewa. Masunga huyo ndiye aliyekuwa akiniletea maziwa tangu nihamie hapa, wala hakutaka asante.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua, nikasikia mwano. Mwano ni yowe la hatari la huku. Mmoja akilipiga, jirani analipokea, filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zinalia, na kila mwanamume mwenye miguu lazima atoke na silaha. Usipotoka, unaadhibiwa wewe. Nami kwa miaka miwili hii najihesabu mwenyeji. Nikatupa shati kwenye beseni, nikachukua rungu langu, nikatimua mbio na kandambili kuifuata sauti. Njiani nauliza, "Mwizi kapita wapi?" Watu wananitazama tu.

Nikamkuta Masunga katikati ya kundi. "Kaka, mwizi yuko wapi?"

"Ndiye huyu," akawaambia wenzake. "Anawageuza watoto wetu wa kiume kuwa wanawake."

Mama yangu! Rungu la kwanza lilikuwa lake. Nilikinga kwa mkono, mfupa ukalia ko! La pili sijui la nani. Nilipigwa, Dada. Mgongo, magoti, mdomo. Meno mawili niliyatema. Mtu aliyewahi kuniazima jembe alinikanyaga shingo. Mwingine alisema petroli iletwe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi dukani. Nikatamka shahada.

Hapo mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wao, akapuliza filimbi. "Mwenye hatia huukimbia mwano," akasema. "Huyu kaukimbilia. Mwacheni aseme."

Nikaeleza, damu inanitoka. Hawakuelewa, wala mimi mwenyewe sikuwa najielewa. Akaitwa Doto. Kale katoto kakasimama mbele ya marungu yote yale bila kulia.

"Tulikuwa tunacheza. Mwalimu hakumpiga Kulwa. Waliompiga ni hawa hapa." Akawanyooshea kidole watoto waliojificha nyuma ya baba zao.

Marungu yakashuka. Mtemi akasema anayepiga mwano wa uongo ana adhabu: viboko kumi na viwili. Aliyeumizwa ndiye anayechapa, au anasamehe. Akaniuliza nachagua lipi. Masunga akavua shati mwenyewe, akalala kifudifudi.

Dada, ulinilea bila kuninyanyulia hata kofi. Nilichukua fimbo kwa mkono wa kushoto. Sikuhesabu. Mtemi ndiye aliyehesabu, na ilibidi anidake mkono kwenye cha kumi na tano. Ngozi ilikuwa imeachana. Nilisikia raha. Naliandika hivyo hivyo: raha, mate yananitoka, natamani niongeze. Nilipoinua macho, mapacha walikuwa wamesimama hatua tatu tu kutoka kwangu.

Hapa shuleni sasa ni ubishi kila saa ya chai. Mwalimu mkuu anasema somo lile lisomwe kitabuni tu, michezo marufuku. Mwenzangu mwenye khanga anasema watoto wadogo vile waachwe kwanza, mambo ya huyu wa kiume na huyu wa kike watayajua wakikua. Mimi nasema wanayajua tayari, walifundishana kule lambo kwa mawe, na tukinyamaza sisi, somo la mawe ndilo litakalobaki. Nikishasema hivyo wanautazama mkono wangu wa kushoto, nami nauficha chini ya meza. Hasira hasara, Dada, ulinionya tangu utotoni.

Ofisi ya elimu imesema naweza kuhamia shule ya mjini Bariadi nikitaka. Au nibaki. Nilikwenda kwa Masunga kuomba radhi. Alinipa kigoda, tukakaa mpaka jua likawa kali.

Nisalimie Mama, mwambie ni bodaboda, nakuomba. Msalimie mjomba fundi cherehani, na bibi mzaa mama, na shemeji, mumeo, ambaye najua atasema alijua tu. Watoto wako wabusu.

Wewe nijibu: nirudi darasani au nihame? Ila kabla hujajibu, ujue na hili. Wenzake walipompasua kichwa, Kulwa alikuja shule kesho yake. Tangu nimchape baba yake, haji.

Mdogo wako akuombaye dua,
Saidi