Zaburi Aliyoianzia Babu Juu Mno

Fauzia we, siamini. Babu kakiri leo!

Ijumaa Kuu ya 1969, hapa hapa Mtwara. Siku ile kwetu kinanda hakipigwi, ni sauti tupu. Basi babu, kiongozi wa kwaya, akaanzisha zaburi juu MNO. Juu mno, Fauzia!

Kushusha hawezi, kuacha hawezi, na mistari thelathini inamngoja. Benchi la mbele kakaa Mzee Kasiani, ambaye babu ameshapeleka kwake posa ya binti yake. Jasho! Mstari wa tano sauti ikakatika kama ya jogoo mchanga.



Ndipo binti wa Mzee Kasiani akaidaka, chini, taratibu, wote wakamfuata. Na kwaya yao mwanamke haanzishi!

Posa ikakubaliwa. Ila mpaka leo, hata sala ya chakula, anaanzisha bibi.