Kicheko Kwenye Saluni

Jumatatu, 4 Machi
Leo mdogo wangu kaanza kazi saluni. Miaka kumi na tisa, kila mtu anamwita Kicheko. Shule zote zilimshinda — au yeye alizishinda. Msusi mwenye saluni kamwonyesha mtindo kwa mkono, mara moja tu. Akausuka! Mistari imenyooka kama imepigwa rula. Msusi kashika mdomo. Lakini akitumwa vitu viwili anarudi na kimoja, au harudi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempeleka hospitali. Daktari kasema wazi: kilichomdhuru ubongo ni pombe aliyokunywa marehemu mama akiwa na mimba yake. Si ukaidi, si uvivu. Anachokiona na kukishika kinakaa. Saa, hesabu, maneno marefu — vinamponyoka. Nimwonyeshe, nisimhubirie. Jambo moja moja, kila siku vilevile. Nikauliza, dawa? Hakuna. Na mimi nikifa? Kaanza kutafuta kalamu yake mezani.

Jumapili, 10 Machi
Nimemweleza msusi. Kacheka, eti hata yeye hesabu zinamtoa jasho. Kambandikia Kicheko picha ukutani: ndoo, fagio, taulo. Wateja wanamgombea. Nimethubutu kufurahi.

Jumanne, 19 Machi
Mungu wangu! Mteja alikuwa na dawa ya kulainisha nywele kichwani, Kicheko kaambiwa amwoshe. Kabla hajafika, mteja mwingine kamwomba amsuke. Kamsuka — vizuri sana. Yule wa dawa kaungua ngozi, kapiga mayowe saluni nzima. Kicheko akiogopa hucheka. Akacheka. Nusura apigwe.
Msusi kanivuta pembeni. "Dada, nampenda kama mwanangu. Lakini kichwa cha mteja si cha kujifunzia."
Kasema kweli.

Jumatano, 20 Machi
Asubuhi kaoga, kavaa aproni. Nikamkalisha. Nikamwambia taratibu: kazi imekwisha, usiende tena.
"Nimeelewa, dada."
"Umeelewa nini?"
"Nisichelewe."
Mchana msusi kapiga simu. Kicheko yuko saluni, anafagia kizingiti. Wateja wanamruka.

Alhamisi, 21 Machi
Nimemfungia ndani. Mtu mzima! Nami nina kazi yangu, nitamwachia nani? Nimesimama uani, begi begani, naandika nimeegemea ukuta. Anagonga kwa adabu, kama mgeni. "Dada, mlango umejifunga. Msusi ananisubiri." Jirani kachungulia, kuna nini? Nimesema hamna kitu. Sijaondoka. Kufungua pia sijafungua. Sasa anagonga kwa mikono miwili —