Binti Yangu Amenichora kwa Nukta

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi meza tu, hakuna atakayejua. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na moja huu nipo kwenye chumba kilekile cha pembeni mwa barabara, chenye kioo kirefu, meza ya kukatia na cherehani mbili, na safu yako huwa naisoma kwa sababu wateja huniachia magazeti yao wakishachoka kusubiri, naisoma nacheka, nasema hawa watu nao wana mambo, na leo zamu yangu imefika, kwa hiyo nisaidie na usinicheke sana.

Nina binti, mtoto wangu wa pekee, na Jumamosi ya wiki ijayo anahitimu chuo kikuu, shahada ya saikolojia ya ushauri nasaha, nimeiandika yote kwa makusudi kwa sababu ilinichukua mwaka mzima kujifunza kuitamka na sasa naitamka kwa kila anayeingia, awe amekuja kupunguza suruali au kubadilisha zipu, hatoki bila kujua kwamba binti yangu amemaliza mwaka wa nne na kwamba mwaka wa tatu alipelekwa hospitali miezi minne kwa mafunzo ya vitendo, anakaa chumbani na wagonjwa na msimamizi wake anampitia neno kwa neno. Jirani yangu kinyozi amenibandika jina Baba Saikolojia, anadhani ananitania, mimi naitika.

Sikuanza hivyo, nakiri, maana alipochaguliwa nilimuuliza mama yake hivi kweli mtu anakwenda chuo miaka minne kujifunza kusikiliza, kwani masikio si tunazaliwa nayo, na alipokuwa akija likizo anafanya mazoezi na sisi, anamketisha mama yake jikoni anamuuliza, "Mama, ukisema umechoka, unamaanisha nini?" na mama yake anamjibu, "Namaanisha nimechoka, nipe hiyo sufuria," na mimi sebuleni nacheka mpaka nashika ukuta.

Kilichonikomesha ni koti. Siku hiyo binti alikuwa dukani ananisubiri nimalize sketi yake, akaingia mama mmoja na koti la marehemu mume wake, anataka nilipunguze limtoshe mwanawe, na kabla sijashika hata futi ya kupimia akaanza kulia, na mimi nikafanya ninayoyajua, nikampa kiti, nikasema pole mama, pole sana, nikakimbilia cherehani nikawa nashona kitambaa ambacho hata hakikuhitaji kushonwa. Binti akavuta stuli akakaa karibu yake, hakusema pole, hakusema yatapita, alikaa tu, kimya kirefu mpaka mimi nikaanza kuona aibu kwa niaba yake, na yule mama akafunguka mwenyewe, kwamba mtoto wala hajaliomba hilo koti, ni yeye asiyeweza kuliona linaning'inia nyuma ya mlango na asiyeweza kuliondoa. Binti akamuuliza swali moja, taratibu, "Na wewe, mama, ungependa lipunguzwe leo?" Yule mama akaliangalia koti, akalikunja vizuri, akasema leo hapana, akaondoka nalo kama mtu aliyetua mzigo. Mshauri, nimewahi kukosa kazi nyingi lakini sijawahi kufurahia kukosa kazi kama siku ile, kifua kilinijaa nikataka nisimame nipige makofi, huyu ni mwanangu huyu. Sikupiga. Nilimuuliza kama sketi inambana kiunoni.

Sasa shida yenyewe ni hii. Jumatatu aliniletea mfuko wenye joho lake la mahafali kwa sababu linaburuza, akasema baba nipandishie pindo, chuo kimetoa karatasi inayoeleza liishie wapi, iko humo mfukoni, akaondoka kwa haraka zake. Kesho yake asubuhi nikafungua mfuko, nikakuta jalada, na ndani ya jalada karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, nikaitandaza mezani nikaona miraba na miduara na mistari huku na huku, nikasema naam, mchoro wa joho huu, na nakuapia nilikaa dakika nzima natafuta mikono iko wapi na kola iko wapi, mpaka nikaona umri wangu.

Kumbe ni sisi. Ni kazi ya darasani, wanachora familia zao, wanaume miraba, wanawake miduara, na mistari ndiyo inaonyesha nani yukoje na nani, chini kuna maelezo ya alama. Kati yake na mama yake kuna mistari miwili, maana yake karibu sana. Na bibi yake, ambaye ni marehemu, miwili pia. Na dada yangu, shangazi yake, kuna zigizaga, maana yake ugomvi, na hapo sina ubishi, ningepewa kalamu ningeongeza ya pili. Kisha mimi, mraba wangu, umri sahihi, kazi sahihi, na kutoka kwangu mpaka kwake ni nukta, nukta tupu, nikashuka chini kutafuta maana yake nikakuta imeandikwa "umbali". Na pembeni kwa mwandiko wake maneno mawili tu, "Hunishonea. Hasemi." Mwalimu wake naye kwa kalamu nyekundu ameandika, "Je, yeye angeuchoraje?" kana kwamba mimi na michoro ya chuo kikuu tunajuana.

Iliniuma, siwezi kukuficha. Mtoto huyu hajawahi kuvaa sare ya dukani, tangu chekechea nilimshonea mimi, na hiyo sketi ya kwendea hospitali nilimtilia mifuko mirefu kwa sababu alisema anahitaji mahali pa daftari, na kila akija kupimwa mimi ndiye niliye chini kwa magoti, pini mdomoni, nazunguka na pindo lake, sasa niambie nani aliye karibu na mtu kuliko fundi anayempima? Umbali! Nikashikwa na kitu nisichokijua, nikachukua rula na kalamu yangu ya bluu nikaziunganisha zile nukta, zilikuwa kumi na moja, nikapiga mstari mmoja ulionyooka kutoka kwangu mpaka kwake.

Nilipoinua rula ndipo akili ikarudi. Yeye ameandika kwa wino mweusi, wangu wa bluu, unaonekana hata kwa asiyetaka kuona. Nikaikunja karatasi mara nne kama nilivyoikuta nikairudisha kwenye jalada, na tangu hapo sijalala vizuri, maji yakimwagika hayazoleki. Alhamisi ya wiki ijayo anakuja kujaribu joho na kuchukua mfuko wake. Ametupa kadi mbili za mahafali, moja ya mama yake na moja yangu, na ninajiuliza kama yangu imetolewa kwa moyo au kwa sababu tu nyumba ina wazazi wawili, nimefikiria hata kumpa dada yangu aende yeye, maana zigizaga angalau ni mstari. Niambie basi, nijifanye sijui lolote, nimtume mama yake akaniombee radhi, au nibaki dukani siku hiyo, kwa sababu mtu wa nukta sijui anakaa kiti gani.

Ni mimi, Baba Saikolojia.

*

Baba Saikolojia, marahaba. Umri ninao, nimeipokea.

Kwanza nikugombeze tumalize. Umechukua kazi ya mtu, imeshasahihishwa na mwalimu wake, ukaichorea. Mteja akikuletea gauni upandishe pindo, na wewe ukaona lingependeza bila mikono, unakata mikono? Ule mchoro ni wa binti yako. Ulivyo ndivyo alivyokuona yeye, na hukuombwa kuurekebisha. Ni kosa, utalisema mwenyewe, kwa mdomo wako. Mama yake muache. Ana mistari miwili tayari, usimfanye tarishi.

Sasa nikueleze ulichokiona, maana umekisoma kama hati ya mashtaka. Mimi nimepita chuo cha namna hiyo, na sisi wote tulichora. Mtu anayekwenda kukaa na machozi ya wengine lazima ajue ya kwake yako wapi, vinginevyo siku moja ataketi mbele yake mzee wa umri wako, na yeye ataanza kumjibu baba yake badala ya kumsikiliza mzee wa watu. Ndiyo maana wanachora. Wa kwangu ulikuwa na zigizaga kutoka kwangu hadi kwa mama, nzito, mwalimu akaniuliza kama kalamu iliteleza. Mama hakuwahi kuuona. Nashukuru Mungu hakuwa fundi cherehani.

Na wewe fundi, niambie ukweli. Miaka thelathini na moja unasoma michoro ya nguo. Mstari mzima kwenye karatasi ya kukatia ni wa nini? Ni wa mkasi. Na wa nukta? Unajua kuliko mimi kwamba hapo ndipo sindano inapopita. Umeshtushwa na alama unayoifuata kila siku ya kazi.

Rudi tena kwenye yale maneno mawili. Mwanafunzi wa kozi hii anafundishwa kuandika anachokiona na kuacha hukumu mlangoni. Hakuandika kwamba humpendi. Hakuandika kwamba u mkali. Ameanza na "hunishonea", na hiyo "hu" si ya mara moja, ni ya tangu chekechea mpaka mifuko ya daftari. Ameiona kila sare. Ameiweka mbele, kabla ya lawama.

Kisha kaandika "hasemi". Je, amekosea? Isome barua yako mwenyewe. Kinyozi anajua unavyojivunia. Mtu wa zipu anajua. Mimi, usiyenijua hata sura, najua, na nimesoma habari ya koti mara mbili nikafuta macho. Yeye alifanya jambo lile mbele yako, kubwa, ambalo wenye shahada tatu wengine hushindwa kulifanya, nawe ukamuuliza habari ya kiuno. Umemsifu kwa kila mwenye masikio isipokuwa yule aliyekwenda kuyasomea.

Kuhusu mwalimu, acha kununa. Lile swali lilikuwa zuri, nami ningempa alama huyo mwalimu. Aliuliza wewe ungeuchoraje. Ukajibu! Kwa rula, kwa wino wa bluu, kutoka kwako mpaka kwake bila kukatika. Jibu lako halina kasoro. Kasoro ni kwamba ulilikunja mara nne ukalirudisha mfukoni, ukakimbilia cherehani kama siku ile ya koti.

Basi sikiliza. Binti yako akiwa kwenye chumba chake cha kazi hatamwambia mtu la kufanya, atamngoja aamue mwenyewe, kama alivyomngoja yule mama. Ndiyo kazi yake na ni kazi ya heshima. Mimi ni wa gazetini, nafasi yangu ni fupi, nakuambia.

Kadi hampi mtu. Dada yako atazame picha. Jumamosi utakwenda, umevaa suti uliyoishona mwenyewe, na utakaa kwenye kiti kilichoandikwa mzazi. Hakuna kiti cha nukta.

Alhamisi akifika, joho liwe limeshapigwa pasi na limetundikwa. Funga mlango wa duka. Toa ile karatasi uitandaze juu ya meza ya kukatia, umwonyeshe wino wa bluu, umwambie ni wewe. Usilete hadithi ya karatasi ya chuo na kola, ingawa atacheka, iache ya baadaye. Akikasirika, mwache akasirike; ana haki, na kumkasirikia mtu usoni ni hatua kuelekea kwake. Usimwombe afute nukta. Atazifuta akitaka, au ataziacha abaki na mistari yote miwili, wake na wako, na hapo mtakuwa mmefika mbali kuliko familia nyingi ninazozisoma hapa.

Halafu mwambie habari ya koti. Yote. Kwamba ulikuwa unashona kitambaa kisichohitaji kushonwa. Kwamba ulitaka kupiga makofi. Mwambie unajivunia, na lile jina la shahada yake ulilomwambia kinyozi, mtu wa suruali na mtu wa zipu, ulitamke zima kama unavyojua kulitamka. Atakuuliza, maana amefundishwa hivyo, "Baba, ukisema unajivunia, unamaanisha nini?" Usicheke ukashika ukuta. Mjibu.

Na usitegemee akufanyie unasihi, kinyozi hajinyoi. Huenda akalia tu kama mtoto wa mtu. Ukiona hivyo usimkimbie kwenda kwenye cherehani. Vuta stuli ukae naye, umeshaona inavyofanywa.

Pindo litangoja. Mkimaliza kuzungumza, msimamishe mbele ya kioo umpimie joho lake, upige magoti kama siku zote, na safari hii, fundi, pini zikae kwenye meza, si mdomoni.